Mlevi, Kifaduro na Mama Mkwe

Mwaka ule wa njaa, kilimani Nyarugusu kulikuwa na mashine mbili za kuchoronga mwamba, na watu wa kambi ya uchorongaji walikuwa wamezibatiza zote mbili. Moja waliiita Mlevi, kwa sababu ilikunywa maji kutwa nzima na haikujua kushiba. Nyingine waliiita Kifaduro, na aliyewahi kusimama karibu nayo hakuhitaji kuelezwa kwa nini.

Telesphori alikuwa mchorongaji wa mashine zote mbili, na moja ilikuwa ikimuua.

Sikuzi mambo. Mganga wa hospitali ya misheni alimvua shati, akamgonga mgongo kwa vidole kama anayekagua mtungi sokoni, akamwambia vumbi la mawe limeanza kukaa kifuani na likishakaa halitoki. Akiongeza kiangazi kingine cha kulimeza, alisema, asitegemee kushika jembe tena. Telesphori alivaa shati lake, akashukuru, na nyumbani akamwambia mkewe Coletha kuwa ameambiwa ana mafua. Tangu siku hiyo hakutulia. Aliamka kabla ya jogoo kwenda kutazama mawingu ambayo hayakuwapo. Alianza kula akasimama, akarudi kukaa, akasimama tena. Coletha alimuuliza kama ana siafu ndani ya suruali.

Na kilichomkosesha raha kilikuwa hesabu nyepesi kabisa. Kifaduro ni nyundo ya upepo. Unaibeba, unaifunga kwenye mpira wa kompresa inayoipa upepo, unaikandamiza kwa mikono na tumbo, nayo inapiga. Haihitaji tone la maji. Inafika popote mbuzi anapoweza kusimama, na kwenye jiwe gumu inakwenda mbio ajabu, ingawa ukiipeleka kwenye udongo wa mfinyanzi inakabwa na kunyamaza. Ubaya wake mkubwa ni kwamba jiwe lote inalolivunja hupanda juu likiwa unga, na mwenye kuishika hana pa kuficha pua. Mlevi ni jambo jingine. Ana injini na magurudumu, ana rodi ndefu za chuma zinazounganishwa moja juu ya nyingine, na pampu inayosukuma maji katikati ya rodi mpaka chini kwenye meno ya biti, ile ncha inayokata. Maji hupanda tena yamebeba tope, na hewa inabaki safi kama ya kanisani. Anapita kwenye udongo, anapita kwenye mwamba. Lakini maji! Na kitu kingine: Mlevi haachwi peke yake hata kwa kujikuna. Lazima mkono ukae kwenye mtaimbo wa kushushia, usikie chini kuna nini, kwa sababu yeye mwenyewe hana macho.

Kwa hiyo Telesphori alimpigania Mlevi. Msimamizi wa kambi, Valerian, mtu wa Bukoba mwenye haraka na huruma kwa pamoja, alipouliza watoboe kwa ipi mashimo ya baruti, Telesphori alisema Mlevi kabla swali halijaisha. Alitoa sababu nyingi nzuri, mashimo yaliyonyooka, biti zisizochakaa upesi. Sababu yenyewe hakuitaja.

Maji ya Mlevi yalitoka kwenye lambo la kijiji. Hakukuwa na maji mengine. Trekta lilishuka na tangi tupu, likapanda na tangi limejaa, na kila liliposhuka lilikuta tope limesogea ndani kidogo. Telesphori aliliona hilo kuliko mtu yeyote. Jioni alipita mbali kidogo, akalikadiria lambo kwa macho, akaondoka haraka kama mtu aliyechungulia dirisha la jirani. Mkewe mwenyewe alikuwa akipika uji kwa maji hayo. Ng'ombe waliingia mpaka magotini kutafuta pa kunywea. Na yeye alikuwa akivuta hewa safi.

Lipo jambo jingine la kusema hapa, bila hilo hamtaelewa kilichotokea. Kwa Wasukuma, na kwa Wasumbwa kama Telesphori vilevile, mwanamume hasogeleani na mama mkwe wake. Akimwona anakuja, anaacha njia, anaingia vichakani, anageuza mgongo mpaka apite. Hamtazami usoni, hamgusi, hali mbele yake. Hiyo ndiyo heshima, na zamani haikuwa na gharama, kwa sababu mkwe alikaa kwao na mama mkwe akakaa kwake, wakakaribiana labda siku ya msiba. Ndipo ikaja operesheni ya kuhamia vijijini. Maofisa walipima mistari kwa kamba, wakapanga nyumba, na hakuna hata mmoja aliyejisumbua kuuliza nani ni mkwe wa nani. Nyumba ya Mama Coletha ikaangukia mstari uleule wa Telesphori, tena upande wa njia ya kwenda kazini!

Basi maisha yake yakawa ya kuvizia. Alichungulia kabla ya kutoka. Alijifunza kuitambua miguu ya mama mkwe wake kwa mchakacho wake kwenye majani makavu, na akiisikia tu, huyo, nyuma ya ghala, nyuma ya ua wa mnyaa, mara moja nyuma ya punda wa watu. Kambini walimcheka mpaka wakachoka. Donatus, msaidizi wake, alisema mchorongaji wao ni hodari wa kukimbia kuliko swala. Telesphori hakujali. Alimheshimu mama yule kwa moyo. Alikuwa mjane wa siku nyingi, amemlea Coletha peke yake, na katika miaka yote ya ndoa yao Telesphori hajawahi kumwona sura vizuri.

Siku yenyewe Mlevi alikuwa akienda vizuri. Gari la baruti lilikuwa njiani kutoka Mwanza na mashimo machache tu yalibaki. Valerian alikuwa ameshasema wazi kwamba gari likikuta kazi haijaisha litapelekwa kilima kingine, na mashine zitalifuata, na kambi itafungwa, na unga wa duka la kambi utakwenda nao. Katika mwaka ule unga ulikuwa neno la kumfanya mtu mzima anyamaze. Donatus alikuwa ameteremka kuchukua dizeli. Telesphori alikuwa peke yake, mkono kwenye mtaimbo, akisikia biti inatoka kwenye jiwe na kuingia mahali palipopasukapasuka, penye mfinyanzi katikati ya mawe. Hapo ndipo pa kwenda polepole. Hapo ndipo pa kutokuacha.

Aliinua macho akawaona wanawake.

Walikuwa wanapanda kwa mstari, mitungi vichwani, na namna mitungi ilivyocheza ilionyesha ni mitupu. Walikuja kuionyesha hivyo mitupu. Mbele yao, bila mtungi, kanga moja kiunoni na nyingine mabegani, alikuwa Mama Coletha, na alikuwa akija moja kwa moja kwenye Mlevi.

Mtu mwingine angefanya nini? Mzungu angebaki na mashine yake. Valerian mwenyewe angebaki. Mkono wa Telesphori uliuachia mtaimbo kabla hajaamua lolote, miguu ikamchukua, akajikuta amechutama nyuma ya kompresa, mgongo ameupa umati, amestahi kama inavyopasa. Na Mlevi, aliyeachwa peke yake, akaendelea kushuka. Aliusukuma uzito wake wote ndani ya ule mfinyanzi. Tope likaziba matundu ya biti, pampu ikaguna, maji yakaacha kupanda, na vipande vya mawe vilivyokuwa vinaelea shimoni vikaketi vyote kuzizunguka rodi na kuzibana. Injini ikatoa mlio wa ng'ombe anayechinjwa, ikazimika.

Telesphori alisikia kila hatua ya jambo hilo bila kugeuka. Alijua lilivyokwenda kama vile alikuwa ndani ya shimo. Akataka kulia.

Valerian alitoka mbio. Aliwakuta wanawake, akaikuta mashine imenyamaza, akamtafuta mchorongaji, na alipomwona amejikunyata nyuma ya kompresa akashika kiuno. Lakini alikuwa mtu wa adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akasema Mama Coletha. "Tumekuja kwa ajili ya maji. Leo tumechota tope. Tukachuja kwa kanga, likabaki tope. Trekta lenu lisishuke tena."

"Yaya, lisishuke," wakaitikia wenzake nyuma, wakikataa kwa Kisukuma, na mmoja wao, Mageni, akaupindua mtungi wake juu chini ili msimamizi aone.

Donatus alikuwa amerejea na dumu la dizeli. Alijaribu kuzungusha rodi kwa spana kubwa, kwa mkono wa kulia tu, maana wa kushoto ulikuwa bado umefungwa vipande vya mbao tangu rodi ilipomwangukia. Hazikutikisika. Akatazama upande wa kompresa, akatikisa kichwa.

"Telesphori!" Valerian aliita. "Inatoka au haitoki?"

"Inatoka," sauti ilijibu kutoka nyuma ya kompresa. "Ikisukumiwa maji mengi bila kukatika, tope litalainika. Itatoka."

"Mengi kiasi gani?"

"Yote."

Wanawake walielewa mara moja yote ni yapi. Zogo likazuka. Valerian akainua mikono, akasema basi kuna njia ya pili, rodi ziachwe humohumo ardhini, ziwe hasara ya kambi, na mashimo yaliyobaki yatobolewe upande wa juu kwenye mwamba mtupu, kwa Kifaduro. Maji hayatahitajika. Alilisema kwa furaha ya mtu aliyepata jawabu.

"Wewe ndiye mchorongaji," aliongeza. "Sema wewe."

Telesphori alifungua kinywa aseme, na badala ya neno kikaja kikohozi. Alikibana, kikakataa. Kilikuwa kile kikavu, cha chini, kisichotoa kitu, kinachokwenda mpaka mtu anaona nyota. Alishika gurudumu la kompresa, akakohoa, akakohoa, na kilipomwacha alitambua kwamba zogo lote limekwisha. Mama Coletha alikuwa ameinua mkono.

Alikwenda akaketi kwenye sanduku la rodi, akaipa kompresa ubavu. Kisha akaanza kusema na mashine, maana mkwe hasemeshwi ana kwa ana.

"Wewe Mlevi," alisema kwa sauti ya kusikika. "Huyo anayekuendesha ameanza lini kukohoa hivyo?"

Valerian aliwatazama wanawake, akaitazama mashine, akataka kuuliza kulikoni. Donatus alimvuta shati.

"Mlevi anasema ni mafua, mama," ilijibu sauti kutoka nyuma ya kompresa.

"Mafua gani yasiyo na kamasi?"

"Anasema ni ya kiangazi."

"Gashi! Kumbe!" Mama Coletha alicheka kidogo, kicheko kisicho na raha. "Baba Coletha naye alikuwa na mafua ya kiangazi. Aliyapata mgodini wakati wa Wazungu, naye alikuwa na nyundo kama ile pale. Masika ikaja, hayakuondoka. Mwisho alikuwa analala ameketi, akilala chali anazama. Coletha alikuwa bado ananyonya. Nilimwegemeza mgongo wangu, mgongo kwa mgongo, ndiyo apate usingizi, na nilisikia kikohozi chake ndani ya mbavu zangu mimi. Sasa wewe Mlevi usinidanganye. Nakijua hicho kikohozi kuliko ninavyomjua padri wetu."

Mageni aliugeuza mtungi wake ukakaa sawa.

"Coletha anajua?" mama aliiuliza mashine.

"Hajui."

"Basi mwambie huyo mtu wako achukue maji."

"Mama Coletha!" Mageni alipaza sauti. "Tumepanda huku kufanya nini?"

"Najua tulichopandia."

"Wewe ndiye uliyetuita! Ulipita mlango kwa mlango!"

"Nilipita, ndiyo, Mageni. Lakini nina binti mmoja tu." Alisema hivyo akitazama chini, na yule mwanamke aliyekuwa anaongoza mstari wote akaonekana mdogo pale kwenye sanduku.

Telesphori aliinamisha kichwa, akaona miguu yao chini ya tumbo la kompresa, safu ya miguu iliyopasuka visigino, yenye tope la lambo lililokaukia mpaka kwenye vifundo. Aliyataka yale maji. Aliyataka kama mtoto anavyotaka titi, bila aibu. Neno moja tu lilihitajika, na tayari alikuwa ameruhusiwa kulisema, tena na mtu aliyekuwa na haki kuliko wote ya kumnyima. Rodi zingetoka. Kesho angesimama kwenye hewa safi. Na Mageni angerudi nyumbani na mtungi wake mtupu, na mama mkwe wake angepita njia ileile kila asubuhi mbele ya milango aliyoigonga. Aliinuka, akachutama, akainuka tena. Akapangusa mikono kwenye suruali.

"Mama," alisema, "Mlevi anasema leo hana kiu."

Alitoka upande wa pili wa kompresa, mgongo bado ameupa umati, akapanda kwenye mwamba. Donatus alimfuata na mpira wa upepo bila kuambiwa. Wanawake hawakushangilia. Mmoja mmoja waliinua mitungi.

Kifaduro aliamka kwa kishindo. Telesphori aliuweka mchokoo wake wa chuma mahali palipopigwa alama ya chokaa, akaegemea kwa tumbo, na unga mweupe ukapanda. Aligeuza uso kulia, ukamfuata kulia. Akageuza kushoto. Alijifunga leso, lakini leso kavu ni mapambo tu. Alijaribu kupumua kidogokidogo, kwa kuiba, na kila alichoiba kilikuwa na mchanga. Hasira ilimpanda, hasira juu ya mashine zote mbili, juu ya wapimaji na kamba zao, juu ya miguu yake mwenyewe iliyokimbia bila kumuuliza. Chuma kilikuwa kimeshaingia nusu.

Hapo alimwona Mama Coletha anapanda mwamba.

Alikuwa ametoka lamboni. Kanga yake ya mabegani ilikuwa mikononi, imelowa, inadondosha matone ya kahawia kwenye jiwe. Alikuwa akija kwake. Hakusita, hakugeuza uso, alikuja kama mtu anayekwenda kumtoa mtoto motoni. Miguu ya Telesphori ilistuka. Mwili wote ulitaka kichaka. Lakini chuma kilikuwa shimoni kinapiga, na angekiachia kingepinda na kunasa, na kambi haikuwa na kingine. Alibaki. Alifumba macho, kwa kuwa hilo tu ndilo alilobakiwa nalo la heshima, akaendelea kukandamiza huku anatetemeka kwa nyundo na kwa aibu.

Akasikia mikono juu ya uso wake.

Chini ya kilima wanawake waliziba vinywa. Mageni alisema "Yesu na Maria." Mikono ile ilikuwa migumu, ilinuka tope na samli, na haikuwa na mzaha. Iliifungua leso kavu ikaitupa. Ikaikunja kanga mara mbili, ikaizungusha puani na mdomoni, ikakaza fundo kisogoni mpaka akaona inamuuma.

"Fumbua macho, ng'wanawane," Mama Coletha alimwambia sikioni, akipaza sauti kuushinda mlio. Mwanangu, ndivyo alivyomwita, bila kupitia mashine yoyote. "Utajikata mguu bure. Vuta."

Telesphori alifumbua macho. Alimwona, kwa mara ya kwanza karibu hivyo, mwanamke mwenye macho ya Coletha na nyusi zilizojaa unga mweupe. Alivuta pumzi. Ilikuja nzito, yenye ladha ya lambo, ladha ya ng'ombe na majani yaliyooza, na hapakuwa na mchanga ndani yake.

Jua lile halikuwa na huruma. Shimo halijafika mwisho kanga ikawa imekauka na kuanza kukakamaa, na mama aliifungua mwenyewe, akaenda kuichovya, akarudi akaifunga. Alifanya hivyo shimo la pili na la tatu, akipita katikati ya wenzake ambao hawakujua watazame wapi. Mara moja alimkuta Mageni ameketi ukingoni mwa lambo amemshikia kata, wakachota bila kusemezana.

Alasiri Telesphori alikuwa kwenye shimo jingine na kanga ilikuwa imeanza tena kukauka. Kifua kilimbana. Alisimamisha nyundo, akaitazama njia inayotoka lamboni, njia ileile ambayo kwa miezi yote alikuwa akiichungulia ili apate kukimbia. Ilikuwa tupu. Akahamisha mguu, akarudisha. Akamuuliza Donatus kwa wasiwasi mbona mama mkwe wake anachelewa.